Maji ya Kuoga ya Maate

Kwa miaka mitatu wanawake wa Bulembia walikuwa na kesi moja dhidi ya Yayeri Biira, na kesi yenyewe ilikuwa hii: siku ambayo mumewe alirudi kazini amechoka kuliko siku zote, ndiyo siku ambayo hakumtengea maji ya kuoga. Siku nyingine alimtengea bila shida. Siku ya kazi ngumu, hapana. Hilo ndilo lililowakera. Mke mvivu wangemwelewa, maana wavivu wapo katika kila safu ya nyumba. Lakini mke anayechagua siku ya kumnyima mumewe maji, huyo ana lake jambo.

Ili uelewe uzito wa kesi hiyo lazima uzijue nyumba zenyewe. Ni nyumba za zamani za wafanyakazi wa mgodi, zimepangwa safu kwa safu bondeni, mlango unatazamana na mlango, na mabafu ya mabati yako nyuma, kila familia na lake. Ukibeba beseni kutoka jikoni hadi bafuni, macho kumi yamekuona, na macho hayo yanajua kama maji yanafuka mvuke au hayafuki. Mke wa pale anaweza kuunguza maharage mara mbili kwa wiki na bado akaitwa mke mwema. Lakini jioni mume akirudi, maji ya moto yawe kwenye beseni, sabuni juu ya jiwe, taulo juu ya mlango. Hapo hakuna anayekusamehe.

Yayeri alilijua hilo vizuri kuliko wote waliomsema. Alizaliwa Bwera, karibu kabisa na mpaka, akakua akimwona mama yake anamtengea baba yake maji hata wiki walizokuwa hawasemeshani. Sasa alikuwa na miaka thelathini na minane na biashara ya vitenge: ananunua Bwera siku za soko, anauza Kasese mjini. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na huo ndio uliokuwa ubaya wake mkubwa machoni pa watu. Walimsema, akanyamaza, basi wakasema amekiri.

Jirani yake wa ukuta mmoja, Kulusum, mke wa mwenye lori, alijaribu kumchokonoa zaidi ya mara moja. Yeye pia alikuwa mtu wa Bwera, kwa hiyo waliongea Kiswahili cha kwao.

"Mama Bright," alimwambia siku moja wakianika nguo, akimwita kwa jina la mtoto wake kama wote wa pale, "mimi sipende kuingia mu mambo ya watu. Lakini mutu anatoka kazi, nywele iko maji, anatetemeka, na wewe unamupa blanketi tu? Ama iko na pahali kwenye anaogaga?"

"Ataoga," Yayeri alijibu.

"Saa ngapi?"

"Ataoga, Kulusum."

Kulusum akabana shati la mwisho kwenye kamba, akaenda kusimulia alichokisikia, pamoja na kidogo ambacho hakukisikia.

Maate mwenyewe, huyo mnyimwa maji, alikuwa mzamiaji. Alijifunza kuzamia jeshini, kwenye kikosi cha boti, akatoka huko na vitu viwili: cheti chenye mhuri na tabia ya kuwajibu watu kwa maneno matatu. Juu ya Bulembia kuna shimo kubwa la machimbo ya mawe, la siku nyingi, limejaa maji ya kijito kinachoteremka kutoka kwenye theluji ya kilele cha mlima. Kampuni moja ndogo inavuta maji humo na kuyauza bondeni. Mdomo wa bomba uko chini kabisa, mita thelathini na mbili, na kila mvua kubwa inapopita unazibwa na majani na matope. Lazima mtu ashuke ausafishe kwa mikono yake. Mtu huyo ni Maate, mara mbili au tatu kwa mwezi. Kasese mjini watu wanalala madirisha wazi kwa sababu ya joto, lakini ndani ya shimo lile, ukipita mita kumi na tano, maji yanakuuma meno ukiwa umefumba mdomo.

Juu, anayeshika kamba yake ni Siraj, mwanamume wa Bwera mwenye pikapu kuukuu na mashine ya kujazia hewa mitungi. Siraj anajua kuzamia kwa kutazama tu. Kuogelea hajui, na hana mpango wa kujua.

Mambo yaliharibika siku moja ya mvua, miaka mitatu iliyopita. Maate alikuwa na njia yake ya kupambana na baridi, na aliiona ni akili nyingi. Kabla ya kushuka alikunywa uji wa ulezi wa moto, mabakuli mawili, kisha Siraj akammiminia chupa nzima ya maji ya moto ndani ya suti ya mpira, kupitia shingoni. Alishuka anatokwa na jasho. Chini alifanya kazi kwa nguvu zaidi ya nusu saa, mwili ukiwa na joto zuri, damu inakwenda. Wakati wa kupanda ulipofika, maji ndani ya suti yalikuwa yamekwisha kupoa, uji umeshasahaulika, na alitakiwa asimame njiani ameshika kamba, mita sita kwanza, halafu mita tatu, angoje dakika ishirini na tano. Alitetemeka hadi kamba ikatetemeka mikononi mwa Siraj kule juu. Alingoja dakika sita, akatoka.

Yayeri alipomwona anateremka kwenye pikapu, midomo imegeuka rangi, vidole vimeshindwa kufungua kifungo, alifanya ambalo mke yeyote wa Bulembia angelifanya, na alilifanya kwa moyo wote. Alichemsha jerikeni nzima. Akatia majani ya mkaratusi. Akachanganya maji yakiwa makali kadiri mtu anavyoweza kuvumilia, akamwingiza bafuni, na kopo la kwanza akammwagia mgongoni kwa mkono wake mwenyewe.

"Ee, hapo sasa," Maate alisema.

Kufika kopo la kumi alikuwa anajikuna. Ngozi ya tumbo na ya mabega ikatoka mabaka mekundu na ya zambarau. Bega likaanza kumuuma ndani kwa ndani. Kisha akasema mguu wa kushoto haupo. Yayeri akauliza haupo namna gani, maana yeye alikuwa anauona, una povu la sabuni. Maate akajaribu kuuonyesha kwa kuuinua, akaanguka, beseni likamwagika, na Yayeri akabaki ameshika kopo.

Hospitali walimpa hewa ya mtungi, wakamlaza, halafu wakampeleka mbali, nje ya Uganda, penye chumba cha chuma wanamobana hewa kwa wagonjwa wa namna hiyo. Alirudi baada ya wiki saba anatembea. Mguu ulirudi karibu wote. Kisigino hakikurudi, hadi leo hakitofautishi moto na baridi, na akichoka anauburuta mguu kidogo.

Aliyewaeleza kilichotokea ni Enoka, sajini mstaafu aliyemfundisha Maate kuzamia, ambaye siku hizi anauza samaki Katunguru. Alikuja kumtazama mgonjwa, akakaa, akamtuma Yayeri alete soda mbili kutoka kwa Kulusum, aliyekuwa akiziuza, moja ya friji na moja iliyokaa dirishani kwenye jua.

"Fungua ya baridi," alisema. Ikafanya tss, basi. "Fungua ya jua." Povu likapanda, likamwagika mezani, likafika kwenye magoti ya Maate.

"Sasa sikiliza," Enoka alisema. "Mwili yako ni hiyo chupa. Kule chini maji inakukamua, hewa inaingia mu damu. Ukiwa na joto damu inakimbia, inachukua hewa mingi, inapeleka kila pahali. Wewe ulishuka moto, ukapiga kazi moto, ukajaza chupa mpaka juu. Ni sawa? Wakati ya kupanda umekuwa baridi, mishipa imefunga. Hewa inataka kutoka, barabara hakuna. Na kusimama hukusimama. Ulitoka kwa maji na chupa yote iko ndani."

"Ndiyo, afande," Maate alisema.

"Na maji yangu?" Yayeri aliuliza.

Enoka alimtazama Maate kwanza. "Kifuniko ilikuwa imeshatoka, mama. Halafu moto ikaingia gafula. Maji yako haikuanza. Ilimalizia."

Yayeri alilichukua neno la mwisho na kuliweka moyoni. Yale ya mwanzo, kuhusu uji na kamba na dakika sita, aliyasikia kama habari za watu wengine. Lililobaki kwake ni kwamba alimchemshia mumewe maji kwa upendo na maji yakamwangusha, na jambo hilo lilimuuma kila alipoliona lile beseni.

Kabla ya kuondoka Enoka alitoa amri, kwa sababu hajui kushauri. Kushuka, Maate ashuke kawaida, asijipashe moto. Joto alitunze la kupanda, apashwe akiwa bado ndani ya maji, amesimama pale pa kungojea, kifuniko kikiwa bado kimefungwa, ili damu itembee na kuitoa hewa taratibu. Akishatoka, blanketi na chai ya vuguvugu. Maji ya moto ya kuoga asiyaguse masaa sita. Na mlima wa Mahango, kwa mama yake, asiupande siku hiyo, maana huko juu hewa ni nyepesi na chupa inafura tena.

"Ikikupiga mara ya pili," alimaliza, "hiyo mguu haitarudi. Na ingine itaifuata."

Tatizo ni kwamba Maate alikuwa ameshamwambia kila mtu alianguka kwenye boda boda. Uongo huo ulikuwa rahisi, kwa kuwa aliangukia nyumbani na wala si kazini, na aliuhitaji, kwa sababu mzamiaji aliyepigwa na maji mara moja haitwi tena. Kampuni ingemwondoa siku hiyohiyo. Kazi nyingine hana, na kwa miaka yake arobaini na moja, na mguu ule, asingejifunza. Ukweli wakaujua watu wanne: yeye, Yayeri, Siraj na Enoka. Yayeri alikubali kunyamaza kwa ajili ya kazi ya mumewe. Alikuwa na sababu ya pili ambayo hakumwambia hata yeye: watu wakijua Maate aliangushwa na nini, watajua pia ni nani aliyeshika kopo.

Kwa hiyo walitengeneza utaratibu. Siraj alitafuta nusu pipa, lile wapishi wa harusi wanamopikia wali, akaliweka juu ya mkaa pale ukingoni mwa shimo, akaunga mpira mrefu wa kumwagilia maua na pampu ya mkono. Maate anashuka bila uji na bila chupa ya maji ya moto. Akipanda hadi mita sita, anaushika mpira, anauingiza shingoni mwa suti, na Siraj anampampia joto hadi muda uishe. Siku ya kwanza Yayeri alipanda naye hadi shimoni. Alipima yale maji kwa kiwiko, namna mama anavyopima ya kumwogesha mtoto mchanga, akamwambia Siraj ni moto mno, apunguze. Siraj akapunguza. Maate alingoja dakika zake zote kwenye kamba, akatoka anaweza kufungua vifungo vyake mwenyewe.

Nyumbani utaratibu ukawa blanketi, benchi, chai ya vuguvugu, na beseni halitoki jikoni hadi masaa sita yapite. Hapo ndipo ilipozaliwa ile kesi ya wanawake. Yayeri akaibeba miaka mitatu, na sitasema aliibeba kwa furaha. Kuna siku alitamani kuwapanga wote kwenye ua na kuwafungulia soda ya jua.

Mwezi wa Mei mwaka huu, Loyi, mama yake Maate, aliteremka kutoka Mahango kuja kutibiwa macho. Ni mama wa miaka sabini na kitu, mwembamba, mwenye mikono ya jembe, na hata akiona ukungu hakosi kuona kasoro. Loyi hakuwahi kumwita mkamwana wake kwa jina, si Yayeri wala Biira. Kwake alikuwa muke wa Maate, na hata hilo alilisema kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wa mifugo. Nyumbani walisema Kikonzo, lugha yao ya mlimani. Kiswahili Loyi alikitumia kwa kazi moja tu, pale alipotaka majirani wasikie.

Maneno ya Bulembia yalimfikia siku ya pili. Mara ya kwanza Maate aliporudi kutoka shimoni, mama mtu alikaa mlangoni akatazama: blanketi, benchi, chai. Alingoja beseni. Halikuja. Mara ya pili alisema, kwa Kiswahili, akielekeza uso kwa ukuta wa Kulusum:

"Kwetu Mahango, hata mbwa ikinyeshewa mutu anaiweka karibu na moto."

Maate akasema, "Ni sawa, Mama." Yayeri aliendelea kuchambua mchele. Kadiri alivyokasirika, ndivyo alivyochambua vizuri zaidi.

Mara ya tatu ilikuwa siku ya soko. Usiku mvua ilikuwa imenyesha sana, bomba likaziba kabisa, na Yayeri alikuwa Bwera anachagua vitenge pale simu ilipolia, saa nane kasoro. Alikuwa Siraj.

"Mama Bright, mimi niko nampeleka nyumbani. Leo matope ilikuwa mubaya, amekaa chini dakika arobaini. Kwenye kamba nimemupasha vizuri, amengoja yote. Iko sawa. Lakini afadhali mutu amuangalie, si leo ya kucheza."

Yayeri aliacha mzigo wa vitenge kwa mwenzake wa sokoni, akachukua vipande sita tu vilivyokuwa vimekwisha fungwa, na kurudi. Njia nzima alijiambia kwamba Maate si mtoto, anazijua amri, atakaa kwenye benchi lake. Kumhusu mama mkwe hakujiambia kitu, na hilo ndilo lililomfanya amhimize mwenye boda mara mbili kutoka Kasese hadi Bulembia.

Aliingia uani saa kumi na dakika chache. Kitu cha kwanza alichokiona ni mvuke, unatoka juu ya mabati ya bafu lao. Cha pili ni harufu ya mkaratusi.

Maate alikuwa kwenye benchi, blanketi limeanguka kiunoni, shati limevuliwa. Mama yake amesimama mbele yake, taulo begani, amemshika mkono anamvuta. Majirani watatu walikuwa wanachambua maharage ambayo ungesema hayataisha mwaka huu. Kulusum alikuwa mmoja wao.

"Baadaye, Mama," Maate alikuwa anasema.

"Baadaye ni ya muke yako. Hii ni maji ya mama yako. Na hii pia utakataa?"

Maate, ambaye jeshini alikuwa haogopi kitu, alisimama. Kumkatalia mke mbele ya watu anaweza mtu yeyote. Kumkatalia mama maji aliyoyachemsha kwa macho yenye ukungu, akayabeba mwenyewe, majirani wakitazama, bila kutoa sababu, hilo hakulipatia njia. Alimtazama Yayeri aliyekuwa getini na vitenge vyake kichwani. Yayeri alimfahamu vya kutosha kujua kwamba ataingia. Ataingia, atajimwagia kidogo tu, atajiambia kidogo hakidhuru.

Aliwaza haraka. Kusema ukweli hakuweza, ukweli ulikuwa wa Maate na kazi ni ya Maate. Kuyamwaga maji kungesaidia robo saa, kwa kuwa sigiri bado inawaka na bibi bado ana nguvu. Alitua vitenge chini. Akapita kati ya mama na mtoto, akalichukua taulo begani mwa mama mkwe wake, akaingia bafuni, akafunga mlango wa mabati, na kutupa leso yake juu ya mlango, alama ya kwamba kuna mtu anaoga na hakuna mwingine wa kuingia.

Kisha wakasikia kopo.

Hakuna mkamwana aliyewahi kuoga maji ambayo mama mkwe amemchemshia mwanawe. Sijui kama jambo hilo lina jina, maana halijawahi kuhitaji jina. Uani yakasikika maharage yakidondoka kwenye ungo.

"Kulusum," Loyi alisema taratibu, kwa Kiswahili. "Wewe uko na macho. Huyu ni nani anaoga?"

Kulusum aliinamia ungo, akachambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa.

Ndani, maji yalikuwa makali. Loyi hakufanya mzaha. Yayeri alijimwagia kopo la kwanza, akauma ncha ya taulo ili asitoe sauti, akajimwagia la pili. Ilibidi yaishe yote, akibakiza, Loyi atayaongezea na kumwingiza Maate. Aliona aibu, na aliogopa, na ile harufu ya mkaratusi ilimrudisha siku ile moja kwa moja, mguu wenye povu, kopo mkononi. Alilia kidogo. Bafuni hilo halionekani.

Nje Loyi alikuwa ameanza sasa. Alisema mwanawe ameoa kitu gani. Alisema yeye atapanda Mahango kesho na macho yake vilevile, bora asione. Alisema na leo watu wote wamejua nani ananyima nani maji katika nyumba hii.

"Mama, keti," Maate alisema.

"Sikai."

"Keti, Mama." Ilikuwa sauti ya jeshini, ambayo hakuwahi kuitumia kwake. Benchi likalia. Halafu Yayeri, kopo limesimama hewani, akamsikia mumewe akianza kusema. Hakusema Kikonzo. Alichagua Kiswahili, naye akikijua vizuri kinasikika hadi wapi.

"Haikuwa boda," alisema. "Nilikudanganya. Nilidanganya watu yote. Hii mguu ilipigwa na maji ya shimo. Nilishuka moto, nikapanda baridi, nikakimbia kamba. Ni kosa yangu, hakuna mutu mwingine. Halafu nikakuja hapa, nikaoga maji moto kama hiyo yako, na mkaratusi hivyohivyo, ndani ya hiyo bafu, nikaanguka. Mutu akitoka kule chini hewa iko ndani yake. Ukimupasha gafula inalipuka. Afande Enoka alisema mara ya pili nitatembea na matako. Huyu anajua. Miaka tatu munamusema, ananyamaza, sababu nilimwambia anyamaze, nisipoteze kazi. Haninyimi maji, Mama. Ananipatia miguu."

Yayeri hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho, wala siku ya kumposa.

"Na leo?" Loyi aliuliza. "Mimi leo, na hii maji yangu?"

Maate alilivuta blanketi akajifunika mabega.

Yayeri akamwaga kopo la mwisho, akabaki bafuni hadi ngozi ikapoa na kuota vipele vya baridi, kwa sababu hakujua atatoka na uso gani. Alipotoka, wenye maharage walikuwa wameondoka, jambo ambalo halijawahi kutokea. Maate alikuwa benchini. Loyi alikuwa ameingia ndani na kugeukia ukuta. Yeye na Yayeri hawakusemezana siku nne.

Kampuni ilisikia kabla ya wiki kuisha, na sina haja ya kusema ilisikia kupitia kwa nani. Wakamweka Maate pembeni. Wakatafuta mtu mwingine. Alikuja mmoja, akaingiza mkono kwenye maji hadi kiwiko, akauliza wanalipa kiasi gani, akaondoka na mkono wake. Mvua za Agosti zikaziba bomba na bonde likakaa siku tano bila maji. Siku ya sita wakamwita Maate, wakataka barua ya Enoka, na wakaandika kwamba asipitishe nusu saa chini kwa hali yoyote. Siraj aliipiga pasi karatasi ile kwa kiganja, akaibandika ndani ya pikapu.

Macho ya Loyi yalikuwa yamepona zamani. Kila wiki alisema atapanda Mahango wiki ijayo.

Siku Maate aliporudi majini, Yayeri alishinda Kasese sokoni, jua limempiga tangu asubuhi, miguu imevimba. Alifika uani karibu saa kumi na moja. Akaona mvuke juu ya mabati.

Alisimama getini. Maate alikuwa benchini, blanketi hadi shingoni, kikombe mkononi, na hakuonyesha dalili ya kuinuka. Siraj alikuwa anapakua mitungi. Loyi alitoka nyuma ya bafu akijipangusa mikono, akamwendea Siraj.

"Huyu ametoka mu maji saa ngapi?"

"Saa nane, mama."

Loyi alihesabu vidole. "Utaoga saa mbili," alimwambia mwanawe. "Usiniangalie. Kunywa chai."

Kisha akageukia geti. Sabuni ilikuwa juu ya jiwe. Taulo lilikuwa begani mwake, akalishusha, akalitundika juu ya mlango wa mabati. Upande wa pili wa ukuta Kulusum alikuwa ameacha kutwanga.

"Biira," Loyi alisema, kwa Kiswahili, wala hakupunguza sauti. "Maji yako iko tayari. Kuja uoge, umechoka."

Yayeri alitua mzigo. Alipita mbele ya mama mkwe wake bila kumwangalia, kwa sababu asingeweza, akaingia, akafunga mlango. Beseni lilikuwa limejaa hadi juu. Maji yalikuwa ya moto mno, na hakuongeza ya baridi hata kopo moja.